Kuvaa na Kuvua Uhusika: Tiba ya Kikundi kwa Njia ya Maigizo na Hali ya Kihisia ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Utangulizi

Katika tamthilia ya Mashetani (1971), Ebrahim Hussein anawaweka jukwaani vijana wawili wa chuo kikuu, Juma na Kitaru, ambao ni marafiki. Vijana hawa wanaigiza mchezo ndani ya mchezo, mchezo wa shetani na binadamu. Mchezo huo unafika mwisho, ila kwa Kitaru haufiki. Anabaki na fadhaa, usingizi wake unaingiliwa na ndoto, na urafiki wake na Juma unaanza kulegea. Wahakiki wengi wameisoma tamthilia hii kama istiara ya ukoloni mamboleo na ya matabaka yaliyochipuka Afrika Mashariki baada ya uhuru, huku ukoo wa Juma ukiwa umeporomoka na wa Kitaru ukipanda. Usomaji huo una mashiko na hapana haja ya kuupinga. Hata hivyo, katika tamthilia hiyo mna jambo jingine lililo wazi kiasi kwamba hupitwa bila kutazamwa: mwanafunzi wa chuo kikuu ameugua nafsi baada ya kuigiza.

Jambo hili linazua swali. Ikiwa mchezo unaweza kumwacha mwigizaji na jeraha, vipi basi kuna wataalamu wanaotumia mchezo huo huo kuwatibu watu, wakiwemo wanafunzi? Makala haya yanashikilia kuwa kinachoponya si kuigiza kwenyewe, bali ni utaratibu unaomwingiza mtu katika uhusika, ukamshikilia akiwa humo, kisha ukamtoa. Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayolieleza jambo hili barabara, nayo ni kuvaa uhusika na kuvua uhusika. Idara na vyama vingi vya wanafunzi hufundisha kuvaa kwa bidii kubwa. Kuvua huachiwa bahati.

Mzigo anaokuja nao mwanafunzi

Utafiti wa kimataifa uliofanywa chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwahoji wanafunzi 13,984 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane. Takribani asilimia 35 yao walionyesha dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili katika maisha yao, yakiwemo mfadhaiko, wahaka uliopindukia na matumizi mabaya ya vileo. Nchi pekee ya Afrika katika utafiti huo ilikuwa Afrika Kusini, hivyo takwimu hizo haziwezi kubandikwa juu ya Kenya zilivyo. Zinachothibitisha ni kwamba miaka ya chuo si miaka ya raha tupu kama wanavyodhani waliobaki nyumbani.

Nchini Kenya, mwanafunzi huja na zaidi ya vitabu. Huja na karo iliyochangwa na ukoo mzima, na mkopo unaochelewa, na matarajio ya wadogo zake. Wengine wamekuja na mambo mazito zaidi. Shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015 liliua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Wengi wa walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, wakaendelea na masomo. Ni vigumu kufikiria kihoro kikubwa kuliko cha kuketi darasani ukiwakumbuka wenzio ambao mlikuwa mkisoma pamoja.

Ofisi za ushauri nasaha zipo vyuoni, lakini mwanafunzi huziendea kwa kuvizia. Kuonekana mlangoni mwa ofisi hiyo ni kujitangaza. Hapa ndipo kikundi kinapopata nguvu, kwa sababu kukaa na wenzako kumi katika ukumbi hakumshangazi mpita njia. Majaribio ya mpango wa Shamiri, yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliwahusisha wanafunzi 413 wa shule za upili nchini Kenya. Vikundi viliongozwa na vijana waliokuwa wametoka shule ya upili si muda mrefu, wakapewa mafunzo mafupi, na vikao vilikuwa vinne tu. Dalili za mfadhaiko na wahaka zilipungua kuliko katika kundi la kulinganishia. Shamiri si tiba ya maigizo, na haifai kuhesabiwa kuwa ushahidi wake. Inachoonyesha ni kuwa kikundi cha vijana kinachoongozwa na vijana wenzao waliofunzwa kinaweza kufanya kazi ambayo wengi hudhani ni ya daktari peke yake.

Kutoka Vienna hadi Paris

Anayetajwa kuwa mwasisi wa saikodrama ni Jacob Levy Moreno, daktari aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889 na kusomea udaktari mjini Vienna. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alianzisha huko ukumbi wa maigizo ya papo hapo, yasiyo na muswada. Kisa anachokisimulia yeye mwenyewe ni cha mwigizaji aliyemwita Barbara. Jukwaani mwanamke huyu alipewa daima nafasi za upole na utakatifu, lakini mumewe alilalamika kuwa nyumbani alikuwa moto wa kuotea mbali. Moreno akaanza kumpa nafasi za wanawake wakali wa mitaani. Kadiri Barbara alivyomwaga ukali wake jukwaani, ndivyo ulivyopungua nyumbani. Baadaye mume naye akaitwa jukwaani, wakaigiza ugomvi wao wenyewe mbele ya hadhira. Moreno alihamia Marekani mwaka 1925, na mwaka 1936 akafungua hospitali huko Beacon, jimbo la New York, iliyokuwa na jukwaa lake la tiba.

Kisa cha Barbara hupendwa mno, na ni rahisi kukisoma vibaya. Msomaji wa haraka hudhani kuwa hasira ni kama maji katika mtungi: yamwage, umekwisha. Hii ndiyo tafsiri nyepesi ya dhana ya kitakaso, ambayo Aristotle aliihusisha na tanzia. Lau ingekuwa kweli, Kitaru angetoka mchezoni akiwa mzima kuliko alivyoingia.

Mtu wa pili ni Augusto Boal wa Brazil (1931–2009). Boal alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971, akaenda uhamishoni. Ukumbi wake wa wanyonge, ambamo mtazamaji huruhusiwa kusimamisha mchezo na kuingia kuubadilisha, unafahamika vyema kwa wanafunzi wa fasihi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa una undugu na ukumbi shirikishi wa hapa kwetu, ukiwemo wa Kamĩrĩĩthũ wa mwaka 1977. Kisichofahamika sana ni yaliyomkuta Ulaya. Huko watu walimletea malalamiko ya upweke, utupu na kushindwa kuzungumza na wenzao. Boal, aliyezoea wanyonge wanaopigwa na askari wa kweli, aliyaona hayo kuwa mambo madogo. Kisha akatambua kuwa kuna watu wanaojiua kwa sababu ya mambo hayo madogo. Akiwa Paris mapema katika miaka ya 1980, aliendesha warsha akishirikiana na mkewe, Cecilia Thumin, kuhusu alichokiita askari aliye kichwani. Askari huyo hana sare wala rungu. Anaweza kuwa sauti ya mzazi, ya mwalimu au ya mhubiri, ambayo mtu huendelea kuitii hata mwenye sauti akiwa mbali. Kwa mwanafunzi wa chuo, askari huyu huwa na sura anayoijua tangu utotoni.

Kikao kinavyoendeshwa

Kikao cha saikodrama huwa na hatua tatu: kupasha moto, kuigiza, na kushirikishana. Hatua ya kwanza ni michezo midogo ya mwili na sauti inayoondoa haya. Hatua ya pili ndiyo inayohitaji mfano.

Chukulia mwanafunzi wa kubuni wa mwaka wa pili, aliyeanguka masomo mawili. Babake aliuza mtamba ili alipe karo. Kwa miezi miwili sasa, simu ya Jumapili kutoka nyumbani ikilia, kijana huiacha ilie. Kikundi kina watu kumi. Mwongozaji hamwombi asimulie tatizo lake, anamwomba alijenge. Hiki kigoda ndipo baba huketi, kando ya ghala. Ule mlango ni wa jikoni. Kijana, ambaye sasa ndiye mwenye kisa, anachagua mwenzake mmoja awe baba, anamfundisha namna baba anavyokaa na anavyokohoa kabla ya kusema.

Wanaanza. "Habari ya huko, baba?" "Nzuri. Mitihani?" "Ilienda sawa tu." Uongo umesemwa mbele ya watu kumi, na kila mmoja amesikia jinsi ulivyotoka upesi. Mwongozaji anasimamisha mchezo na kuwataka wabadilishane nafasi. Kijana anaketi kwenye kigoda cha baba, mwenzake anasimama alipokuwa yeye. Mwongozaji anamhoji aliye kigodani kana kwamba ni baba kweli: una watoto wangapi, huyu wa chuo ni wa ngapi, mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini? Ni katika kujibu maswali haya madogo ndipo mambo hugeuka. Kijana, akiwa baba, anajikuta akisema: "Simu hashiki. Mtamba nilimuuza mimi, yeye hakunituma. Mimi nataka kujua tu kama anakula."

Hakuna aliyemwandikia maneno hayo. Huenda baba halisi asingeyasema kamwe, na hilo si muhimu katika hatua hii. Lililo muhimu ni kuwa askari wa kichwani aliyekuwa na neno moja tu la lawama amepewa mdomo wa binadamu, akaonekana kuwa na hofu zake. Mbinu nyingine hutumika pia. Msaidizi anaweza kusimama nyuma ya mwenye kisa kama pacha wake na kutamka kile anachodhani kimenyamaziwa, naye mwenye kisa hukubali au hukataa. Ama mwenye kisa huketi pembeni akatazama wengine wakiigiza tukio lake, nao wakawa kioo chake.

Hatua ya tatu ni kushirikishana, nayo ina sharti moja kali: hakuna anayetoa ushauri. Wasikilizaji hawamwambii kijana apige simu. Wanasema tu palipowagusa wao. Mmoja ana dada aliyeacha shule ili yeye asome. Mwingine naye haongei na nyumbani. Wanafunzi wa fasihi, waliozoea kutoa tathmini kila wanapoona mchezo, hupata taabu sana na sharti hili.

Kiti cha pwani

Moja ya zana mashuhuri za saikodrama ni kiti kitupu, ambapo mwenye kisa huzungumza na asiyekuwepo: marehemu, mzazi aliye mbali, hata yeye mwenyewe wa zamani. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka matumizi yake katika ngoma za pepo za pwani. Huko, kiti ni mtu anayepandwa na pepo. Pepo akishapanda kichwani, fundi humuuliza jina lake, atokako na anachotaka, na pepo hujibu kwa kinywa cha kiti, mara nyingi akitoa madai ambayo mwenye mwili asingethubutu kuyatoa kwa mumewe au kwa wakweze. Waliokizunguka kilinge si watazamaji. Wao huimba, huitikia na hushuhudia.

Haidaiwi hapa kuwa pepo na saikodrama ni kitu kimoja. Aliye kilingeni haamini kuwa anaigiza, na kumwambia kuwa anaigiza ni kumvunjia heshima. Kinachofaa kuzingatiwa ni muundo. Pepo haachwi kichwani. Huagwa, kwa kupungwa au kwa kupewa ahadi na kutulizwa hadi siku yake nyingine, na kiti hurudi kuwa mtu mwenye jina lake. Mafundi wa pwani walijua kwamba anayefungua mlango ndiye mwenye wajibu wa kuufunga.

Pale Kitaru alipoachwa

Tukirejea kwa Kitaru, sasa yaonekana alichokosa. Alikuwa na uhusika, alikuwa na mwenzake wa kuigiza naye, na alikuwa na hisia nzito zilizoamshwa. Hakuwa na fundi. Hapakuwa na wa kusimamisha mchezo, wala wa kumuuliza baada yake: sasa wewe ni nani? Juma, aliyepaswa kuwa shahidi wake, alikuwa na majeraha yake ya ukoo yaliyoguswa na mchezo ule ule. Waigizaji wawili bila wa tatu si kikundi cha tiba.

Wataalamu wa taaluma hii, kama Robert Landy wa New York, hulieleza suala hili kwa dhana ya umbali. Umbali ukiwa mdogo mno, mtu humezwa na hisia, asiweze kuzitazama. Ukiwa mkubwa mno, anasema maneno ya huzuni kama anayesoma orodha ya bei. Panapotafutwa ni katikati, pale ambapo mtu analia na bado anajua kuwa analia katika ukumbi, saa kumi jioni, mbele ya wenzake. Uhusika ndio unaompa umbali huo, na kuvua uhusika ndiko kunakomrejesha.

Kuvua kwenyewe ni kazi ya dakika chache na haina fahari yoyote. Aliyekuwa baba katika kisa kilichotajwa husimama, hutoa blanketi alilojitanda begani, hukirudisha kigoda mahali pake kwa mkono wake, kisha humwambia mwenye kisa: mimi si baba yako, mimi ni fulani, nasoma jiografia, na mchana nilikula chapati. Watu hucheka. Kicheko hicho ni sehemu ya tiba. Hatua hii ikirukwa, mwenye kisa hukutana na "baba" kwenye foleni ya chakula kesho yake, na msaidizi hubeba hasira isiyo yake hadi chumbani.

Hapa ndipo utamaduni wa maigizo katika taasisi za Kenya unapopaswa kujihoji. Tamasha la kitaifa la maigizo ya shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, limelea vipaji vingi na halistahili kubezwa. Lakini ni shindano. Mwigizaji husifiwa kwa kulia machozi ya kweli, hukatiwa alama na waamuzi, kisha hupanda basi. Msichana aliyeigiza aliyenajisiwa, mara kadhaa kuanzia ngazi ya chini hadi ya taifa, huulizwa na nani kama uhusika ule umemtoka? Tena tungo hizi hubuniwa mara nyingi kutokana na mambo yaliyotokea kweli kijijini. Kudai kuwa kushiriki drama "kunawaponya wanafunzi", kama inavyosikika katika hotuba za ufunguzi, ni kuchanganya jukwaa na kikao. Jukwaa lina deni kwa hadhira. Kikao hakina hadhira, kina washiriki tu, na mchezo uliofana kisanaa waweza kuwa kikao kibovu.

Lugha ya kikao

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuna suala la ziada. Mwanafunzi wengi wao nchini Kenya ni mtu wa lugha tatu au nne. Kiingereza ni lugha ya mtihani aliouanguka na, mara nyingi, ya ofisi ya mshauri. Lugha ya mama ndiyo aliyokaripiwa nayo na kubembelezewa nayo. Sheng ni ya mzaha na ya kujificha. Kwa kijana wa bara, Kiswahili huwa katikati: ni karibu vya kutosha kubeba machungu, na mbali vya kutosha kumruhusu ayatazame. Chaweza kuwa vazi zuri la uhusika.

Kwa kijana wa Lamu au Mombasa mambo ni kinyume. Kwake Kiswahili ndicho cha mama, na kumwambia aigize ugomvi wa nyumbani kwa Kiswahili ni kumpeleka moja kwa moja jikoni kwao. Mwongozaji asiyelijua hili atashangaa kwa nini mshiriki mmoja amezidiwa upesi ilhali wengine bado wanapasha moto. Msamiati nao unahitaji uangalifu. Kiswahili hutofautisha huzuni, simanzi, kihoro, ukiwa, wahaka na jakamoyo, lakini fomu za uchunguzi zilizotafsiriwa huyarundika mengi ya haya chini ya "msongo wa mawazo". Kumpa mshiriki maneno zaidi ya kuchagua ni msaada ambao mwanafunzi wa isimu anaweza kuutoa bila kujifanya tabibu.

Mipaka

Kujifanya tabibu ndiyo hatari iliyopo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka wanaotoa huduma hiyo nchini Kenya wawe wamesajiliwa. Chama cha Kiswahili hakiwezi kufungua kliniki. Kinaweza kutoa ukumbi, waigizaji wasaidizi na lugha, huku mshauri aliyesajiliwa akiongoza kikao. Tafiti zilizopo kuhusu tiba ya maigizo miongoni mwa wanafunzi nyingi ni za sampuli ndogo, na matokeo yake, ingawa yanatia moyo, hayaruhusu ahadi kubwa.

Siri za kikao zina uzito wake pia. Hadi hivi karibuni, mwanafunzi aliyesema kikundini kwamba alijaribu kujiua alikuwa amekiri kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu ya sheria imepungua; hofu ya minong'ono ya bweni ingalipo. Kwa hiyo makubaliano ya kutunza siri hufanywa kabla ya mchezo wa kwanza, pamoja na ubaguzi mmoja unaotajwa waziwazi: anayezungumzia kujidhuru hupelekwa kwa mshauri siku hiyo hiyo, tena kwa kusindikizwa.

Kwa vikundi vya kawaida vya maigizo vyuoni, ambavyo havidai kutibu mtu, lipo jambo dogo linaloweza kuanza muhula huu bila bajeti. Mazoezi yakiisha saa moja usiku, robo saa ya mwisho itengwe. Maleba yakunjwe na aliyeyavaa, viti virudishwe na waliovitumia, kila mwigizaji ataje jina lake halisi na jambo moja atakalofanya akitoka pale. Atakayeshindwa kulitaja asiachwe aende bwenini peke yake.